Kitu Kimoja, Mara Saba: Jinsi ya Kupata Ilhamu ya Kila Siku Ukiwa Gilgil

Wasomaji wengi mmekuwa mkiniuliza swali moja kwa maneno tofauti. Mwalimu wa shule ya msingi anataka kuwatungia wanafunzi wake shairi la tamasha, lakini kalamu imekwama. Fundi cherehani analalamika kwamba mishono yake yote imeanza kufanana. Kijana wa boda boda huchora akisubiri abiria stejini, na sasa amechoka kuchora pikipiki. Mama aliyestaafu ana muda tele na hamu ya kuandika kumbukumbu zake, ila kila akiketi haanzi. Wote humalizia pale pale: "Nitapata wapi ilhamu, nami naishi Gilgil?"

Naelewa swali hilo linatoka wapi. Gilgil wengi huiona kupitia dirisha la gari. Magari yanatoka Nairobi yakielekea Nakuru na Eldoret, abiria wanashuka Kikopey, wanakula nyama choma, wanapanda tena na kwenda zao. Anayeishi mji wa kupitia huanza naye kuamini kwamba mambo ya maana yako mbele, katika mji unaofuata.

Jibu langu nalitoa mapema ili usilitafute hadi mwisho: ilhamu haitokani na kuona vitu vingi mara moja. Hutokana na kuona kitu kimoja mara nyingi. Yaliyobaki katika makala haya ni namna ya kufanya hivyo, hatua kwa hatua, kwa vitu vilivyo karibu nawe.

## Kwanza, tutenganishe ilhamu na hamasa

Wengi wanaosema wamekosa ilhamu wanatafuta hamasa. Hamasa ni moto wa mabua ya mahindi: huwaka kwa kishindo, ukazimika kabla sufuria haijachemka. Unaipata kwenye mkutano, kwenye video ya dakika mbili, kwenye wimbo ndani ya matatu. Ukifika nyumbani imeisha.

Ilhamu ni makaa ya leleshwa. Hayana kelele, lakini githeri huiva juu yake. Utaijua kwa alama moja: inakufanya ushike kazi. Ukitoka mahali ukiwa na furaha tu, umeburudika, na si vibaya. Ukitoka ukiwa na sentensi ya kwanza, rangi ya kuanzia au swali la kumuuliza mtu, hiyo ndiyo ilhamu.

## Funzo kutoka kwa nyani wa Kekopey

Mwaka 1972 mtafiti kutoka Marekani, Shirley Strum, alifika katika shamba la mifugo la Kekopey, karibu na Gilgil, akaanza kufuatilia kundi moja la nyani. Kundi moja tu. Wakati huo ilizoeleka kuaminiwa kwamba nyani hutawaliwa na dume lenye nguvu na meno. Yeye akaketi nao siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka, hadi akawajua mmoja mmoja kwa sura na tabia. Akaona jambo ambalo mpita njia hawezi kuliona: uti wa mgongo wa kundi ni majike na koo zao, na dume asiyejenga urafiki na majike na watoto hafiki mbali hata awe na nguvu kiasi gani.

Mwaka 1984 nyani hao walihamishiwa Laikipia, kwa kuwa ardhi ya Kekopey ilikuwa imeingiwa na wakulima na mazao yalikuwa yakiliwa. Lakini hebu fikiria. Mnyama yule yule ambaye wengine wetu tulimwona kama mwizi wa mahindi na kumrushia mawe, mtu mwingine alimtazama kwa subira akabadilisha fikra za wataalamu wa dunia nzima. Hakuwa na macho tofauti na yetu. Alirudi kesho yake, na kesho kutwa.

## Unachohitaji

- Daftari dogo linaloingia mfukoni. La shilingi chache linatosha.
- Penseli. Kalamu ya wino hugoma kwenye baridi na huchafua karatasi kwenye manyunyu.
- Dakika 15 kwa siku.
- Sweta. Gilgil iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mtu anayetetemeka hatazami kitu.
- Simu izimwe sauti na ikae mfukoni. Sababu nitaieleza kwenye makosa.

## Hatua tano

1. Chagua kitu kimoja kilicho njiani mwako. Kiwe kitu unachokipita kwenda kazini, sokoni au shuleni: mti, ukuta, jiwe, reli, kibao cha kinyozi, kilima. Ukichagua kitu kinachohitaji safari, utakiona mara moja na kukiacha.

2. Kirudie siku saba. Siku tatu za kwanza nenda saa ile ile. Siku zinazofuata badilisha saa: alfajiri, adhuhuri, magharibi, baada ya mvua. Utashangaa jinsi kilima kimoja kilivyo vilima vinne.

3. Andika mambo matatu uliyoyaona, bila maoni. Usiandike "ziwa linapendeza". Andika "maji yamerudi nyuma hatua kumi, ukingo umeacha mstari mweupe wa magadi, unyoya mmoja umenasa kwenye tope". Neno "linapendeza" halitakusaidia kesho. Unyoya utakusaidia.

4. Muulize mtu mmoja swali moja. Mchungaji wa mbuzi, mama mboga, fundi, mzee anayeota jua. Swali moja tu kwa siku.

5. Fanya kitu kwa mkono kabla hujalala. Mstari wa shairi, mchoro wa dakika tano, mshono wa majaribio, barua fupi. Si lazima kiwe kizuri, kiwepo tu. Hatua hii ndiyo wengi huiruka, na ndiyo inayotofautisha ilhamu na matembezi.

Sasa tupite kwenye visima vinne vya kuchota: mazingira, historia, ushairi na sanaa. Usichote vyote wiki moja. Soma, kisha uchague kimoja.

## Kisima cha kwanza: mazingira

Anza na leleshwa. Kichaka hiki kimejaa kwenye vilima vyetu hivi kwamba hatukioni tena. Chuma jani ulitazame pande zote mbili: juu ni kijani, chini ni jeupe. Ndiyo maana upepo ukipiga mlima, mlima wote hugeuka rangi ya fedha, kisha ukarudi kijani. Lipondeponde jani mkononi unuse. Harufu ile ya kafuri Wamaasai wameitumia tangu zamani kujipaka mwilini. Hapo tayari una rangi, mwendo na harufu kutoka kwa jani moja usilolilipia.

Halafu kuna Ziwa Elementaita. Jina lake hutajwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na aliyewahi kupigwa na upepo wa Februari ufukweni hatalipinga. Ni ziwa la maji ya magadi, halina kina kirefu, na tangu 2011 limo katika orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na Ziwa Nakuru na Ziwa Bogoria. Watu huja kutoka mbali kuwaona heroe, ndege wale wa waridi ambao wengi tunawaita flamingo. Ushauri wangu: waache heroe kwa wageni, wewe mtazame mwari.

Mwari huzaliana kwenye visiwa vya mawe vya Elementaita, lakini chakula chake hukifuata Ziwa Nakuru, kwa kuwa kwetu samaki hawatoshi. Ndege mzito kama huyo hapigi mabawa njia nzima. Husubiri jua lipashe ardhi, hewa ya moto inyanyuke, ndipo apande nayo akizunguka, kundi zima likizunguka, hadi juu kabisa, kisha ateleze kuelekea Nakuru. Simama kati ya saa tatu na saa tano asubuhi uangalie juu. Mzazi anayeamka Gilgil kwenda kutafuta riziki Nakuru na kurudi jioni kwa watoto ataijua habari hii bila kufundishwa.

Ng'ambo ya ziwa kuna kilima chenye umbo la mtu aliyelala chali, uso umeelekea mbinguni. Wengi hukijua kama Shujaa Aliyelala. Kichore kwa mstari mmoja bila kuinua penseli: paji la uso, pua, kidevu, kifua. Rudia kila siku. Mchoro wa saba utakuwa tofauti sana na wa kwanza, na tofauti hiyo itakuwa imetoka kwako. Kilima kitakuwa palepale.

Angalia:

- Sehemu kubwa ya ufuko wa Elementaita imo katika hifadhi ya Soysambu, yenye nyati na wanyama wengine. Ingia kwa utaratibu wao, usipenye ua.
- Kwenye chemchemi za maji moto za kando ya ziwa pima kwa tahadhari kabla ya kuingiza mguu. Mtoto asiachwe peke yake.
- Usiwarukishe ndege ili upate picha. Ndege anayerukishwa hupoteza nguvu alizoziweka kwa ajili ya safari.

## Kisima cha pili: historia ya hapa hapa

Kuna wasomaji wanaodhani historia ya Gilgil ilianza na reli. Nenda Kariandusi, mwendo mfupi kutoka barabara kuu ya Nakuru. Mwaka 1928 Louis Leakey alipata pale mashoka ya mawe ambayo leo yanakadiriwa kuwa na umri wa kati ya miaka 700,000 na milioni moja. Mengine yamechongwa kwa obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama kioo. Mashimo ya uchimbaji yapo, mawe yapo palepale yalipopatikana, na kuna jumba dogo la makumbusho chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya.

Ukifika usitazame mashoka yote. Simama mbele ya moja. Jiulize: lingeshikwa kwa mkono upi? Makali yako upande gani? Pigo la mwisho lilipigwa wapi? Aliyelichonga alikuwa na njaa kama yako na baridi kama yako, na hata hivyo aliyalinganisha makali pande zote mbili kuliko ilivyohitajika kukatia nyama. Mimi humpeleka pale kila anayeniambia kwamba sanaa ni anasa ya walioshiba.

Karibu na hapo kuna machimbo ya diatomaiti, udongo mweupe kama unga. Udongo huo ni mabaki ya viumbe vidogo sana vya majini vilivyotuama chini ya ziwa la kale. Ukisimama juu yake umesimama kwenye sakafu ya ziwa ambalo hakuna mtu aliye hai aliyeliona. Chukua dakika zako 15 na wazo hilo moja tu.

Kwa karne iliyopita, haya hapa mengine:

- Reli. Reli iliyoanza Mombasa 1896 ilifika Nakuru mwaka 1900, na Gilgil ikawa kituo. Mwaka 1929 njia ya tawi ikafunguliwa kutoka hapa hadi Nyahururu, wakati huo ikiitwa Thomson's Falls.
- Ardhi. Mkataba wa 1904 uliwahamisha Wamaasai kutoka malisho haya, lakini majina waliyoyapa maziwa na milima yamebaki. Kila unapotamka Elementaita au Nakuru unatamka lugha yao.
- Kambi. Kati ya 1947 na 1948 Waingereza waliwafunga hapa Gilgil Wayahudi waliowakamata Palestina kwa kupigana na utawala wao. Walirudishwa Julai 1948, Israeli ikiwa imekwisha kuundwa.
- Makaburi. Yapo makaburi ya askari wa Vita vya Pili vya Dunia. Soma jiwe moja: jina, kikosi, umri. Ondoka ukiwa na mtu mmoja kichwani.

### Jinsi ya kumuuliza mzee

Vitabu havina yote. Sehemu kubwa ya historia ya mji huu imo vichwani mwa guka na shosho wanaoota jua mbele ya maduka. Wengi wenu mnaniandikia kwamba mliuliza mkajibiwa kwa mkato. Mara nyingi kosa liko kwenye namna ya kuuliza.

1. Amkia kwanza, keti, ulizia afya na mifugo. Usianze na daftari mkononi.
2. Anza na kitu, usianze na enzi. "Nieleze historia ya Gilgil" ni swali linalomchosha mtu kabla hajajibu. "Guka, hapa penye duka hili palikuwa na nini ulipokuwa kijana?" ni swali linalofungua mlango.
3. Omba ruhusa kabla ya kurekodi kwa simu. Akikataa, shukuru na uendelee kusikiliza.
4. Rudi mara ya pili umsomee ulichoandika. Hapo ndipo atakapokusahihisha, na masahihisho huwa matamu kuliko hadithi ya kwanza.
5. Mtu akinyamaza, mwache. Bonde hili la Ufa lina majeraha ya ardhi na ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007. Huna haki ya kumfukulia mtu kidonda ili wewe upate shairi.

## Kisima cha tatu: ushairi

Hapa ndipo nasikia pingamizi nyingi. "Ushairi wa Kiswahili ni wa watu wa pwani." "Mimi sijui vina." Nawajibu kwa upole: Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840, hakusifiwa kwa kutunga juu ya mambo ya mbali. Alitunga juu ya ugomvi wa mji wake, deni, mapenzi, siasa za mtaani kwake. Ukitaka kumfuata Muyaka, usitunge juu ya Mombasa. Tunga juu ya Gilgil.

Kosa la washairi wengi wa bara ni hili: wakishika kalamu huanza kuandika juu ya jahazi, mnazi na mawimbi, mambo waliyoyasoma shuleni. Wewe unayeamka kwenye ukungu na vumbi jeupe, jahazi umelipata wapi? Weka leleshwa, lori la makaa, filimbi ya garimoshi, mwari anayezunguka. Kanuni za utungo ni za Waswahili wote, lakini picha ziwe zako.

Kanuni za kuanzia ni chache. Ubeti wa shairi la kawaida una mishororo 4. Kila mshororo una mizani 16, yaani silabi 16, nusu ya kwanza 8 na nusu ya pili 8. Nusu za kwanza zimalizikie sauti moja, na nusu za pili sauti moja; sauti hizo ndizo vina. Piga makofi ukihesabu: ji-we-li-le-la-za-ma-ni. Makofi manane. Huu hapa ubeti nilioutunga baada ya kurudi Kariandusi, nauweka kama kipimo cha kuhesabia tu:

Jiwe lile la zamani, nani aliyelichonga,
Kwa utulivu moyoni, makali akayapanga,
Miaka mingi shimoni, likafichwa na mchanga,
Nami narudi nyumbani, kazi yangu nitaunga.

Namna ya kutunga wako:

1. Fungua daftari lako la siku saba. Usitunge kutoka kichwani.
2. Chagua jambo moja uliloliandika, liseme kwa sentensi ya kawaida.
3. Ipunguze au iongeze hadi ipate mizani 8. "Mwari wanazunguka juu ya ziwa" iwe "mwari wazunguka juu": m-wa-ri? Hapana, hapa "mwa" ni silabi moja. Hesabu tena: mwa-ri-wa-zu-ngu-ka-ju-u. Nane.
4. Andika pembeni maneno kumi yenye kina unachotaka kabla ya kuendelea. Ukikwama katikati utayakuta yakikusubiri.
5. Usome kwa sauti mbele ya mtu mmoja. Sikio lake likisita, hapo pana kasoro.

Anayesema hana mahali pa kwenda kutafuta ilhamu namkumbusha Abdilatif Abdalla. Alifungwa kwa sababu za kisiasa kati ya 1969 na 1972, na mashairi aliyoyatunga gerezani ndiyo yaliyochapishwa mwaka 1973 katika *Sauti ya Dhiki*. Hakuwa na ziwa wala mlima wa kutazama. Alikuwa na kuta, na alizitazama.

## Kisima cha nne: sanaa iliyo mkononi mwa jirani

Usisubiri jumba la maonyesho. Tembea kutoka stejini hadi sokoni ukitazama vitu vilivyofanywa kwa mkono pekee. Kibao cha kinyozi chenye vichwa vilivyochorwa. Maandishi ya duka yaliyopigwa brashi. Mchoro wa matatu. Kiondo. Shanga za Kimaasai. Kiti cha seremala wa jua kali. Kisha fanya haya:

- Hesabu rangi. Utagundua fundi mzuri mara nyingi ametumia rangi tatu au nne tu. Jaribu kazi yako inayofuata kwa idadi hiyo.
- Nakili kwa mkono. Nunua daftari la hesabu la miraba. Nakili pambo la kiondo, mraba kwa mraba. Utajua kwamba mfumaji hesabu zake ni kali kuliko zetu, na kwamba pambo lote limejengwa kwa kurudia jambo dogo kwa mpangilio.
- Muulize fundi alipoanzia. Usimuulize "ulijifunza wapi", muulize "hapa ulianza na mstari gani?" Atakuonyesha kwa kidole, na kidole hicho kitakufundisha zaidi ya maelezo.
- Nunua kitu kidogo mara moja moja. Fundi akikupa maarifa yake, mfikirie na tumbo lake.

Kwa fundi cherehani aliyeniandikia: chukua rangi za leleshwa, kijani juu na nyeupe chini, utengeneze rinda lenye bitana jeupe linaloonekana mtu akitembea. Mlima wako umekwisha kukuonyesha mshono.

## Makosa yanayojirudia

1. Kutanguliza simu. Ukipiga picha, akili huona kazi imekwisha. Tazama kwanza dakika kumi, andika, ndipo upige picha ukitaka.
2. Kubadilisha kitu siku ya pili au ya tatu. Siku hizo ndizo kavu kuliko zote. Ni kawaida. Macho huanza kufunguka karibu siku ya nne, yakichoka kuona yaliyo wazi.
3. Kungoja Jumamosi. Dakika 15 kila siku zinashinda saa tatu za wikendi, maana wikendi huja na mazishi, harusi na nguo za kufua.
4. Kuandika maoni badala ya mambo. Nimekwisha kusema, narudia kwa kuwa ndilo kosa kubwa.
5. Kuonyesha watu mapema. Mche ukifukuliwa kila asubuhi kuona kama umeota, hufa. Mwonyeshe mtu mmoja unayemwamini, baada ya siku ya saba.
6. Kuokota mawe ya kale. Usitoe kitu Kariandusi wala popote penye zana za kale. Sheria inalinda vitu hivyo, na jiwe likitolewa mahali pake historia yake inakufa. Lichore uondoke na mchoro.
7. Kupiga picha kambi ya jeshi. Gilgil ni mji wa kambi. Elekeza macho na simu kwingine ili usijitie matatani.

## Pingamizi zenu

"Sina muda." Unao muda wa kusubiri matatu ijae. Chagua kitu kinachoonekana kutoka stejini. Ziwa linaweza kusubiri wiki nyingine.

"Sina pesa." Leleshwa, kilima, reli, kibao cha kinyozi na mzee anayeota jua havilipiwi. Kariandusi ina kiingilio, kwa hiyo iweke akiba iwe safari ya mara moja kwa mwezi.

"Sina kipaji." Kipaji sikijui. Nijualo ni kwamba mtu aliyeandika mambo matatu kila siku kwa wiki moja ana mambo 21 ambayo hakuwa nayo. Aanze hapo.

"Kiswahili changu si sanifu." Andika unavyosema, kisha urekebishe. Mkikuyu, Mmaasai, Mkalenjin au Mturkana wa Gilgil ana maneno ya mimea na mifugo ambayo kamusi haijayapata. Hiyo ni mali.

"Nimefuata yote, siku saba zimeisha, sijapata kitu." Soma daftari lako kwa sauti kuanzia ukurasa wa kwanza. Kama kila ukurasa unasema jambo lile lile, hukutazama, ulikumbuka. Badilisha saa, au uketi upande wa pili. Kama kurasa zinatofautiana, kitu umekipata, ila ulikuwa ukingoja kije na ngoma.

## Ratiba ya wiki ya kwanza

- Jumatatu: Chagua kitu. Andika mambo matatu. Usiongeze.
- Jumanne: Saa ile ile. Chora kwa mstari mmoja.
- Jumatano: Saa ile ile. Tumia pua, masikio na ngozi. Macho yapumzike.
- Alhamisi: Badilisha saa. Andika kilichobadilika.
- Ijumaa: Muulize mtu mmoja swali moja kuhusu kitu hicho.
- Jumamosi: Tafuta jina lake katika lugha mbili au tatu za majirani zako. Andika kila jina lina maana gani.
- Jumapili: Soma daftari lote. Tengeneza kitu kimoja: ubeti, mchoro, mshono, ukurasa mmoja wa kumbukumbu. Mpe mtu.

Wiki ya pili unaweza kuchagua kitu kipya. Nakusihi ubaki na kile kile.

Wewe uliyeniuliza utapata wapi ilhamu nawe unaishi Gilgil, kesho asubuhi simama dakika 15 mbele ya kitu kimoja unachokipita kila siku, na penseli mkononi. Andika mambo matatu. Kesho kutwa urudi.